Tovuti ya takwimu za Benki ya Dunia: inafaa kulinganisha uandikishaji wa chekechea?

Kwa kupata data, data.worldbank.org ni nzuri sana: ni bure na haikudai akaunti. Kasoro yake ni jedwali la mbele, na ndilo wengi wanalolinakili.

Ukifungua kiashiria SE.PRE.ENRR, yaani uandikishaji wa jumla wa elimu ya awali, kila nchi inapewa tarakimu yake ya karibuni zaidi. Nchi moja inaweza kuwa na ya mwaka juzi, jirani yake ya miaka kumi nyuma, na zote zimo kwenye safu moja. Soma kwanza safu ya mwaka. Kisha pakua CSV, faili la data linalofunguka kwenye Excel, badala ya kutegemea jedwali. Ndani ya zipu mna mafaili matatu. Data imo kwenye linaloanza na API, na mistari minne ya juu uiruke ndipo vichwa vya safu vikae sawa.

Tatizo kubwa limo kwenye hesabu yenyewe. Uandikishaji wa jumla unachukua watoto wote walio darasani, wa umri wowote, na kuwagawanya kwa idadi ya watoto wa umri rasmi. Chukua mfano: watoto 1,200 wameandikishwa, 900 wana umri rasmi na 300 wameupita, huku watoto wa umri huo nchini wakiwa 1,000. Utapata asilimia 120, ilhali watoto 100 wako nyumbani. Asilimia kubwa hapo ni dalili ya watoto kuchelewa kuanza, na anayeiita mafanikio anawasahau hao 100.

Asili ya sehemu, yaani idadi ya watoto wa umri rasmi tunayogawanya kwayo, nayo haifanani kati ya nchi, kwa sababu miaka ya elimu ya awali inatofautiana. Kenya ina madarasa ya awali ya PP1 na PP2, miaka miwili chini ya kaunti. Sera ya Tanzania ya 2014 iliweka mwaka mmoja wa lazima. Uganda, Sheria ya Elimu ya 2008 iliiacha elimu ya awali mikononi mwa watu binafsi, kwa hiyo shule isiyosajiliwa ni rahisi kukosekana kwenye hesabu. Kabla ya kulinganisha, pakua pia SE.PRE.DURS, muda wa elimu ya awali, na SE.PRM.AGES, umri wa kuanza la kwanza. Usiporidhika navyo, usipange nchi kwa nafasi.

Kwa kupanga nchi, kipimo bora ni 4.2.2 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu, kilicho kwenye tovuti ya Taasisi ya Takwimu ya UNESCO. Kinatazama mwaka mmoja tu kabla ya umri rasmi wa kuanza msingi, na kinamhesabu hata mtoto aliyeingia la kwanza mapema. Hakiadhibu nchi yenye mwaka mmoja wala kuipendelea yenye mitatu.

Andika tarehe uliyopakua. Makadirio ya watu ya Umoja wa Mataifa yakirekebishwa, asilimia za miaka iliyopita hubadilika bila mtoto hata mmoja kuongezeka darasani.

Halafu kumbuka kwamba kuandikishwa si kuhudhuria. Kwa mahudhurio tafuta uchunguzi wa kaya wa MICS wa UNICEF, unaowauliza walezi moja kwa moja kuhusu watoto wa miezi 36 hadi 59. Pengo kati ya majibu yao na daftari la shule ndilo la kufuatiliwa wilaya kwa wilaya.