partx -u naiweka mbele ya partprobe na blockdev, sababu ni hizi

Wakuu, kama unashughulika na sava za Linux basi hii hali unaijua, umemaliza kugawa diski kwa fdisk, umebonyeza w, jedwali jipya la patisheni (vipande vya diski) limeandikwa vizuri kabisa halafu inakuja "Device or resource busy", ukipiga lsblk unaona patisheni zilezile za zamani. Wengi hapo wanaribuuti. Mi naona kuribuuti sava yenye watumiaji kwa ajili ya kitu kama hiki ni kuwaonea bure, zipo komandi tatu za kuiambia kerneli (kiini cha Linux) isome jedwali upya, nazo hazilingani kabisa.

Kwanza tuielewe kerneli yenyewe. Haikai inachungulia jedwali kila wakati, inalisoma diski inapotambuliwa, inashika mwanzo na ukubwa wa kila patisheni kwenye kumbukumbu, basi, baada ya hapo inafuata ilichoshika mpaka iambiwe vingine. Ukiziandika upya zile baiti 64 za jedwali la MBR (mtindo wa zamani), au sekta za GPT (mtindo mpya), kwake hiyo ni data kama data nyingine. Ndo maana /proc/partitions inaonyesha inachojua kerneli wakati fdisk -l inaonyesha kilichopo kwenye diski, na vinaweza kupishana. Tabia hii naitetea, maana ingekuwa inahamisha mipaka yenyewe huku faili zinaandikwa watu wangelia na data zao.

Sasa blockdev --rereadpt. Hii inatuma ombi linaloitwa BLKRRPART, yaani futa zote usome upya, na patisheni moja tu ikiwa imemauntiwa (imeunganishwa itumike) au ni swapu (sehemu inayosaidia RAM), ombi zima linakataliwa. Kwa diski mpya ambayo haijaguswa na mtu iko poa sana. Kwa diski ya mfumo haikufikishi popote.

partprobe inakuja na GNU Parted, zana nyingine ya kugawa diski, na ina akili zaidi, inatumia ombi la BLKPG ambalo linaongea na kerneli kuhusu patisheni moja moja, kwa hiyo zile ambazo hazijabadilika zinaachwa zilivyo. Ukiweka -d -s inakuonyesha muhtasari wa jedwali bila kuigusa kerneli, hiyo naipenda. Ila ukiipiga bila jina la diski inapitia diski zote hata ambazo hukuwa na shida nazo, tafadhali andika jina.

Halafu partx, ya util-linux (furushi la zana za msingi za Linux), kwa hiyo kwenye Linux nyingi unaikuta tayari ipo huna haja ya kuinstol kitu. Raha yake iko kwenye -u, yaani sasisha. Mfano mashine pepe imeongezewa diski na patisheni ya mwisho ndo ya mfumo, iko hewani inatumika: unaiambia kerneli ipime diski upya kwa kuandika 1 kwenye /sys/class/block/sda/device/rescan, unasogeza mwisho wa patisheni kwa fdisk, unapiga partx -u /dev/sda, unamalizia kwa kukuza mfumo wa faili, na resize2fs kama ni ext4 au xfs_growfs kama ni XFS, na hakuna aliyetolewa kwenye mfumo. Uwezo huo wa kubadili ukubwa wa patisheni inayotumika uliingia Linux 3.6 mwaka 2012, na sharti lake kubwa ni sekta ya mwanzo isibadilike, ukiisogeza hiyo kerneli inakataa na ina haki.

Kasoro ipo. partx -a (ongeza) ikikuta patisheni ambazo kerneli tayari inazo inatoa "error adding partitions", mtu mgeni anadhani ameharibu diski kumbe wala. Na partx -d bila kutaja namba inaondoa patisheni zote zisizotumika kwenye kumbukumbu ya kerneli, data kwenye diski haiguswi lakini ukiona /dev/sdb1 imepotea moyo lazima ushtuke.

Kingine, udev, huduma ya Linux inayosimamia vifaa, nayo inaangalia diski kwa inotify (njia ya kerneli ya kutoa taarifa faili likiguswa), programu iliyoandika ikishaifunga diski inajaribu kuomba kerneli isome upya, ndo maana saa nyingine patisheni zinatokea zenyewe hujapiga komandi yoyote. Kwa wanaoandika skripti hapo ndo pa kuangalia sana, weka udevadm settle (inasubiri udev imalize) kati ya partx na mkfs (inayotengeneza mfumo wa faili), la sivyo mkfs inaweza kufika kabla /dev/sdb1 haijawa tayari na skripti inakufa siku moja inapita siku nyingine.