Mashine ya kusagia ya wati 600: kwa vitonge vya tende inatosha, kwa mengine tafuta nyingine

Niseme mapema ili asiye na muda aondoke na jibu lake: kama unatafuta mashine ya kutengenezea vitonge vya tende na lozi, hii nunua. Kama unategemea ikukandie unga na kukusagia nyama ya wageni, achana nayo.

Ninayoizungumzia ni ile mashine ndogo ya kukatia na kusagia chakula: bakuli la plastiki la lita 1.2, mota ya wati 600 chini yake, kisu cha mabawa mawili katikati. Utaikuta ikiuzwa kwa majina kadhaa. Nembo inabadilika, umbo ni lilelile. Ina vitufe viwili tu, kimoja cha kuzungusha mfululizo na kingine cha kubonya na kuachia. Hicho cha pili ndicho kilichonifanya niichague, na nitaeleza kwa nini.

Mimi ni mtu wa zamu ya usiku, kazi ya kukaa mbele ya kompyuta. Ikifika saa tisa tumbo linadai haki yake, na ukilinyamazisha kwa biskuti, saa kumi na moja linadai tena. Nilitaka kitu cha kushika kwa mkono mmoja, kisichomwaga makombo kwenye kibodi, kisichohitaji kupashwa moto, na ambacho meno yanajua kwamba yamefanya kazi. Vitonge vya matunda makavu na njugu vinatimiza yote hayo. Haviokwi wala havipikwi. Kazi yote inafanywa na kisu. Kisu kikiwa cha hovyo, hakuna moto wa kukifichia aibu.

Kipimo changu hakibadiliki: gramu 200 za tende zisizo na kokwa, gramu 150 za lozi, gramu 20 za unga wa kakao usiotiwa sukari, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na iliki nikijisikia. Hapo vinatoka vitonge 20 vya gramu 18 hivi kila kimoja. Ukizidisha kipimo mara mbili kwenye bakuli hili, mchanganyiko unapanda juu ya kisu na kukaa huko, chini kisu kinazunguka peke yake. Kwa hiyo mwenye familia kubwa ajue atafanya awamu mbili.

Lozi zinaingia kwanza, peke yake, na hapa ndipo kitufe cha kubonya na kuachia kinapojilipia. Unabonya sekunde moja, unaachia, unatazama. Unabonya tena. Mwanzoni bakuli linagongwagongwa kama mtu anabisha hodi kwa hasira, kisha sauti inalainika. Ukiona vipande vimekuwa vidogo lakini bado vinaonekana ni vipande, simama, vimwage pembeni. Ukiiacha mashine izunguke mfululizo, lozi zinaanza kutoa mafuta, na ukizidi kuiacha utapata siagi ya lozi. Siagi ya lozi ni tamu, sikatai, ila haishiki umbo na vidole vyako vitang'aa mafuta hadi asubuhi. Mashine zenye kitufe kimoja tu cha mwendo zinakufikisha huko kabla hujajua umefikaje.

Baadaye tende. Hii ndiyo sehemu niliyoitamani kuiona kabla ya kuinunua na hakuna tathmini iliyoieleza. Kwa sekunde za kwanza tende zinakatika vipande na kurukia ukutani. Kisha vipande vinaanza kunatana, mashine inatetemeka, miguu yake ya mpira inajitahidi kubaki mahali pake, na ghafla vyote vinakusanyika kuwa donge moja linalofukuzana na kisu kuzunguka bakuli. Sauti inashuka, inakuwa nzito. Hapo zima papo hapo. Donge hilo ndilo gundi ya kila kitu, na mota sasa inabeba mzigo wake mkubwa kuliko wakati wowote. Kijitabu kinasema usiizungushe zaidi ya sekunde 30 bila kuipumzisha, na kwa mara moja kijitabu kina haki: ukipita hapo unasikia harufu ya joto la mota. Donge likishaundwa unalikata vipande vinne kwa mkono, unarudisha lozi, kakao na chumvi, unabonya na kuachia mara chache, basi. Chukua kidogo, kibane kwenye kiganja. Kikishikana bila kupasuka, anza kuviringisha.

Kwa nini nisitumie blenda niliyokuwa nayo? Kwa sababu chini ya blenda ni pembamba. Tende zinajibana chini ya kisu, juu yake kunabaki uwazi wa hewa, kisu kinazunguka bila kugusa kitu, na wewe mkono unakuwasha kuongeza maji. Usiongeze. Matunda makavu yanakaa muda mrefu kwa sababu maji yaliyobaki ndani yake ni machache na sukari imeyashikilia, kwa hiyo vijidudu havipati pa kuanzia. Ukimimina maji umevifungulia mlango, na isitoshe umepata uji mzito usioviringika. Bakuli hili la mashine ni pana na kisu kinapita karibu kabisa na sakafu yake, nimepima kwa kadi ya benki na inapita kwa shida. Upana huo na ukaribu huo ndivyo vinavyofanya kazi, kuliko hata hizo wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi.

Kijitabu cha mapishi kilichomo ndani kinasema uweke mililita 60 za maji na vijiko vitatu vya asali. Kipuuze. Tende kavu kupita kiasi zinataka kulowekwa kwenye maji ya moto kwa dakika kumi, kuchujwa na kukaushwa kwa kitambaa kabla hazijaingia kwenye bakuli. Tende za Medjool, zile kubwa zenye nyama laini, hazihitaji hata hilo. Za Deglet Noor ni ndogo na ngumu zaidi, hizo mara nyingi naziloweka. Asali haina kazi kabisa hapa. Ni kuitilia sukari chai iliyokwisha kolea.

Na jambo moja la kisu: hata paketi ikiandika kwamba tende hazina kokwa, zipitie kwa vidole moja moja. Mashine za kiwandani huacha kokwa moja moja, na kokwa ya tende ni ngumu. Ikiponea kisu itakutana na jino lako.

Nimeijaribu kwa matunda mengine pia. Tini kavu zinasagika vizuri, na vile vijimbegu vyake vinabaki vikilia chini ya meno, mimi navipenda. Zabibu kavu zinaacha vipande vya ganda na gundi yake ni dhaifu, kwa hiyo zichanganye na tende badala ya kuzitegemea peke yake. Aprikoti kavu ndizo ninazozipa heshima: zina uchachu unaokata ule utamu mzito, na theluthi moja ya tende ukiibadilisha kwa aprikoti utaona tofauti. Zile za rangi ya machungwa angavu zimehifadhiwa kwa salfa dioksidi, ambayo baadhi ya wenye pumu huwasumbua; zisizotiwa ni za kahawia, hazivutii machoni, ladha yake imekaa upande wa karameli. Pruni, yaani plamu kavu, ni laini mno na zina sorbitoli, kitu kinacholegeza tumbo. Ukila vitonge vitano vya pruni zamu ya usiku, tafuta kiti kilicho karibu na choo.

Kwa upande wa njugu, lozi ndizo mtihani mgumu na mashine imefaulu. Korosho ni laini, zinageuka krimu kwa haraka, kwa hiyo bonya mara chache. Karanga zinakwenda vizuri pia. Ukizikaanga njugu zozote kwenye kikaango kikavu hadi zinukie, ladha inapanda mara mbili, ila ziache zipoe kabisa. Njugu ya moto ikikutana na kisu inatoa mafuta mara moja. Yenye harufu ya mafuta ya zamani, iliyosinyaa, yenye ukungu au iliyo chungu isivyo kawaida tupa, usiifiche ndani ya kakao.

Sasa lile neno kwenye boksi. Kuna picha ya vitonge na maandishi ya kijani: "bila sukari". Hapo wametupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hakuna sukari iliyoongezwa, sawa, lakini gramu 100 za Medjool zina sukari gramu 66 hivi. Kwa kipimo changu kila kitonge kinabeba gramu 6 na nusu hivi za sukari ya tende, yaani kijiko kimoja na nusu cha chai, na kalori 73 au karibu na hapo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kundi hilo ni sukari inayoongezwa pamoja na ile ya asali, sharubati na juisi. Iliyo ndani ya tunda zima haihesabiwi humo. Uingereza, hata hivyo, huhesabu matunda yaliyosagwa yakawa rojo kuwa humo. Kwa hiyo tende iliyopita kwenye kisu chetu ina kesi ya kujibu, na mimi siendi kuitetea.

Ninachoweza kutetea ni kinachokuja pamoja na sukari hiyo: nyuzinyuzi karibu gramu 2 kwa kitonge, protini karibu gramu 2 pia, na mafuta ya lozi yanayokufanya ushibe. Viwili vinanivusha zamu. Biskuti mbili hazijawahi. Lakini anayekula vinane huku akisema ni matunda tu, anajidanganya kwa furaha. Halafu vinanata kwenye meno, kwa hiyo kunywa maji baada ya kuvila.

Mabaya ya mashine yenyewe sasa. Kelele, kwanza. Wakati wa lozi hakuna mtu atakayelala kwenye nyumba hiyo, na mimi natengeneza alasiri kabla ya zamu kwa sababu hiyo. Plastiki ya bakuli imekwaruzwa na lozi ikapoteza uangavu wake. Inasaga vilevile, ila haikupendezi tena kuitazama. Mpira wa kifuniko una mfereji mwembamba ambao kakao inajificha humo, na usipoutoa na kuusugua kwa mswaki unaanza kutoa harufu. Tende zinazoingia kwenye tundu la kisu zinakauka zikawa saruji. Dawa yake ni kulowanisha bakuli kwa maji ya moto mara tu ukimaliza, kabla hata ya kuviringisha. Na toa kisu kwanza ndipo uchote mchanganyiko: kikifunikwa na tende hakionekani, na ni kikali kweli. Mwiko wa mpira hawaweki kwenye boksi, utajinunulia.

Waya ni mfupi kwa kiwango cha kuudhi. Basi.

Ninachokipenda bila masharti ni kwamba mashine haiwaki mpaka kifuniko kikae sawasawa, na kisu bado kinakata kama kilivyokuja licha ya lozi zote ilizozila.

Vitonge vyenyewe naviweka kwenye kopo lenye mfuniko, karatasi ya kuokea katikati ya tabaka, kwenye friji, na wiki mbili vinakaa bila shida. Kwenye friza vinakaa miezi mitatu; vitoe robo saa kabla ya kula. Ukipeleka kazini, andika juu ya kopo ni njugu gani zimo, maana mzio wa njugu unaweza kuua na mwenzako haoni lozi ndani ya kakao. Watoto walio chini ya miaka 5 hawapewi njugu nzima kwa hofu ya kupaliwa. Wao wasagie laini kabisa, ukate kitonge vipande vidogo, na ukae nao wanapokula.

Naipa nyota nne kwa kazi hii, tatu kama ni mashine ya jikoni kwa ujumla. Ile nyota iliyopotea ni ya bakuli. Kabla hujalipa, muulize muuzaji kama bakuli na mpira wa kifuniko vinauzwa peke yake, kwa sababu mota hii inaonekana itaishi kuliko vyote viwili.