Malheur nyota tano, gari la watu 12 nyota moja

Tumerudi juzi kutoka Malheur, ile hifadhi ya ndege iliyo kusini mwa mji wa Burns, jimbo la Oregon huku Marekani. Tulikuwa 11 na mi ndo nilipewa kazi ya kupanga, kwahiyo lawama zote zilinishukia mimi, naandika hapa ili mwingine mwenye kundi asirudie ujinga wangu.

Hifadhi yenyewe sina neno baya. Kiingilio bure. Iko jangwani, na watu wakisikia jangwa wanawaza mchanga na joto, wala, hapa uko juu kama mita 1,250 toka usawa wa bahari, ni vichaka vya kijivu mpaka macho yanachoka afu ghafla unakutana na mabwawa na majani mabichi, maji yake mengi ni theluji inayoyeyuka toka mlima Steens. Ndo maana ndege wanajaa, wakivuka nyika yote ile hawana pengine pa kushukia. Pale makao makuu kuna miti mikubwa michache tu na kila ndege aliyechoka anatua hapo hapo, tulizunguka chini ya ile miti masaa mawili na hatukumaliza hata hatua mia. Bundi alikuwa juu kajikunyata kama gome la mti, tumempita mara tatu bila kumuona mpaka mtoto wa mwenzetu akauliza mbona ule mti una macho.

Enzi za zamani yangeyange waliuawa sana maeneo haya sababu ya manyoya ya kupamba kofia za akina mama, ndipo Rais Theodore Roosevelt akapatangaza hifadhi mwaka 1908. Bila hivyo sijui tungeenda kuangalia nini.

Haya, gari sasa. Nilikodi la watu 12 nikajiona nina akili nyingi, tunachanga mafuta, dereva mmoja, hamna kupotezana. Kumbe ndege wa kule gari hawalijali, wanachoogopa ni mtu, ukifungua mlango tu wameshaondoka, kwahiyo unaangalia ukiwa umekaa ndani. Na letu madirisha ya nyuma hayafunguki na vioo vina tinti! Kwenye ile barabara ya changarawe inayofuata mto tukakuta korongo wa kijivu wawili na kifaranga chao rangi ya kutu, hawafiki mita 20, upande wa kushoto. Waliokaa kulia wakainuka wote kwa pamoja, gari likayumba, darubini zikagongana, na dada mmoja aliyekuja safari nzima kwa ajili ya korongo anasema alichoona ni shingo ya shemeji yake. Tuliporudisha gari nikalalamika, nikajibiwa mkataba hausemi chochote kuhusu madirisha. Ni kweli hausemi, nimeusoma tena.

Malazi nako niliteleza kidogo. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kupiga kambi, tukalala Burns, ni maili 30 na kitu mpaka makao makuu, na kutoa watu 11 kitandani saa kumi alfajiri ni vita, kuna mmoja alikuwa anapasi shati. Kijiji cha Frenchglen kiko upande wa kusini wa hifadhi lakini vyumba vya kuhesabu, shika mapema sana au sahau.

Mafuta jaza tanki Burns usijaribu bahati, na chakula beba. Simu mara nyingi inakosa mtandao hivyo ramani shusha kabla. Mwezi wa tano ndo wenyewe kwa ndege wahamaji ila asubuhi tulikwangua barafu kwenye kioo na saa sita watu wamevua makoti, ukichelewa mpaka wa sita utawalisha mbu.

Mwakani tunarudi, tumeshakubaliana magari madogo matatu, watu wasiozidi wanne kila moja, kila baada ya kusimama mara mbili mnabadilishana upande. Yule dada ameshasema kiti cha mbele kushoto, ambacho huku ndo cha dereva, ni chake, na kama ni lazima kuendesha ndo akikae basi ataendesha.