Testa ya komponenti ya betri ya volti 9: kwenye kapasita haina mpinzani

Nilinunua testa hii ya kupima vipuri vya elektroniki, ile ndogo ya bodi tupu yenye skrini na soketi ya kubana miguu, kwa sababu ya monita iliyokuwa ikiwaka kidogo na kuzima. Nimeshaitumia vya kutosha. Kwa kapasita (kipuri kinachotunza chaji ya umeme), sioni ningefanyaje kazi bila hiyo. Kwa vingine, inasaidia kiasi.

Kwenye bodi ya pawa sapulai, kapasita moja ilikuwa imevimba kichwa. Hiyo haihitaji testa, macho yanatosha. Jirani yake, 1000 µF (mikrofaradi, kipimo cha uwezo wa kutunza chaji) ya volti 16, ilikuwa bapa na safi kabisa, na multimita ikaisoma 890, ikapita. Testa nayo ikatoa uwezo huohuo, ila chini yake ikaandika ESR 2.7 Ω. ESR ni ukinzani wa ndani. Kapasita nzima ya ukubwa huo husoma sehemu ndogo tu ya omu moja. Ikifikia hapo, chaji inaitunza lakini haiwezi kuitoa na kuipokea kwa kasi, basi volti zinayumba na saketi ya ulinzi inazima kila kitu. Ningebadilisha ile iliyovimba peke yake, monita ingeendelea kuzima vilevile.

Nilizitoa zote mbili, nikaweka za µF ileile, volti zisizopungua za mwanzo, ESR ndogo na za kustahimili joto la nyuzi 105, mstari mweupe ukielekea hasi. Monita ikakaa ikiwaka.

Sasa kero. Komponenti lazima uing'oe kwanza, maana ikiwa bado ubaoni, zilizounganishwa nayo zinavuruga usomaji. Na kapasita yenye chaji ikiingia kwenye soketi, inaweza kuua chipu ya testa papo hapo. Karatasi ya maelekezo niliyopata imeligusa hilo juujuu tu! Ile kubwa ya volti 400 upande wa umeme wa ukutani hubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa, na hiyo si ya kuua testa tu. Mimi huimaliza chaji kwa kuipitisha kwenye rizista (kipuri cha ukinzani) ya wati kadhaa, kisha nathibitisha kwa mita kabla ya kugusa chochote.

Transista (swichi ndogo za umeme) na MOSFET (aina moja ya transista) inazitambua vizuri, hadi mguu upi ni upi. Ila inapima kwa takriban volti 5, kwa hiyo zena (dayodi ya kushikilia volti fulani) ya volti 12 inaiona kama dayodi ya kawaida, ya kupitisha umeme upande mmoja, na MOSFET inayovuja kwenye volti kubwa inaweza kupewa cheti cha afya njema. Rizista iliyoungua hadi rangi zikafutika nayo, testa haina la kukuambia. Hapo tafuta mchoro wa saketi.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya betri inayoning'inia kwenye waya mwembamba. Kama unaagiza, chukua yenye kasha.