Taarifa ya ziada kwa Kiingereza: kirejeshi ndani ya koma au sentensi mbili?

"My brother, who lives in London, is a doctor." Au: "My brother is a doctor. He lives in London." Ipi ni bora?

Kwa usalama, sentensi mbili zinaongoza. Kirejeshi, yaani kipande kama "who lives in London", kina masharti: koma zote mbili kikiwa katikati ya sentensi, "who" au "which" badala ya "that", na neno hilo halidondoshwi. Ukisahau koma, maana inageuka. "My brother who lives in London" humfanya msomaji aelewe kwamba una kaka wengine, na unamtofautisha huyu wa London. Kiswahili hakituandai kwa hili: "kaka yangu anayeishi London" hubeba maana zote mbili bila alama yoyote, ndiyo maana kosa hili hutuponyoka hata baada ya miaka ya kusoma.

Kwa mtiririko, kirejeshi kinashinda wazi. Huonyesha pia lipi ni kuu: udaktari mbele, London pembeni.

Ila angalia hii: "He bought a dog, which surprised us." Kilichotushangaza ni mbwa, au ni kule kumnunua? Hapo mimi hukata na kutaja jambo lenyewe: "His decision surprised us."

Kama bado unababaika na koma, au unaandika maelekezo yasiyovumilia utata, tumia sentensi mbili. Kama unaandika insha ndefu na koma umeshazizoea, changanya njia zote mbili.