Uzoefu wangu na huduma ya kutuma barua pepe za kuomba viungo vya tovuti

Nina nyumba ya wageni yenye vyumba vitano mtaa wa Mkomani, Lamu, na tovuti yake huishughulikia mwenyewe usiku, wageni wakishalala. Kwa miezi mitatu nililipia huduma inayowaandikia barua pepe wenye tovuti za safari kwa niaba ya mteja, kuwaomba waweke kiungo, yaani maneno ambayo msomaji akiyabonyeza humleta kwenye tovuti ya mteja. Jina la huduma hiyo sitalitaja, kwani nia yangu si kumharibia mtu riziki.

Haja yenyewe ilikuwa ya kweli. Tangu Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, kiungo kinachotoka tovuti nyingine huchukuliwa kuwa ushahidi kwamba ukurasa wako una faida, na ushahidi wa tovuti inayoheshimika huwa na uzito zaidi. Mtu anapotafuta malazi Lamu, nyumba ndogo kama yangu hufunikwa na tovuti kubwa za kuuzia vyumba, na kila mgeni anayepitia huko huniachia pesa pungufu baada ya kamisheni.

Mwezi wa kwanza niliarifiwa kwamba barua mia nne zimetumwa. Nilifurahi, mpaka nilipoomba nakala na mpwa wangu akaisoma kabla yangu, akacheka: "Mjomba, huyu mmemsalimu kwa mabano." Kweli, palipotakiwa jina la mtu palikuwa na mabano matupu, na aya iliyofuata ilimsifu kwa makala yake nzuri bila kusema ni makala gani. Kwetu mgeni asiyejulikana hupokewa kwanza dakani, pale kibarazani penye mlango, aeleze shida yake ndipo akaribishwe ndani. Barua hii ilikwenda moja kwa moja kuomba chakula.

Majibu yalikuwa saba. Matano yalitaka malipo, na huduma ikanishauri nilipe. Hapo nilikataa, kwa sababu kanuni za Google haziruhusu kununua kiungo ili kupanda katika matokeo ya utafutaji. Kiungo cha kulipiwa kinapaswa kuwekewa alama ya kuiambia Google isikihesabu kuwa ushahidi: ile ya "nofollow", iliyokuwapo tangu 2005, au ile ya "sponsored" iliyoongezwa 2019. Kikiwa na alama hiyo ni tangazo halali, lakini si ushahidi niliokuwa nikiutafuta.

Hasara kubwa ilitokea kwingine. Barua zile zilitumwa kutoka anwani ya barua pepe ya tovuti yangu, ile ile ninayowathibitishia wageni vyumba, na waliozipokea bila kuzitaka waliziripoti kuwa barua taka. Tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila mtumaji awe na rekodi ya SPF au DKIM inayothibitisha kwamba barua ni yake kweli, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Mimi sikuwa na rekodi hata moja, wala huduma haikuniuliza. Familia moja kutoka Nairobi ilishuka gatini jua kali ikakosa wa kuipokea, kwa kuwa barua yangu ya kuwauliza saa ya kufika ililala kwenye kikasha cha taka. Niliwaomba radhi na sikuwatoza usiku wa kwanza.

Nilipositisha malipo, niliomba kampuni inayohifadhi tovuti yangu iniwekee rekodi hizo, kisha nikachagua kurasa ishirini za tovuti za safari na kuzisoma zote, neno kwa neno. Katika mmoja, mwandishi aliwaambia wasomaji kwamba basi la kutoka Mombasa huwafikisha mjini Lamu. Nilimwandikia kwa kichwa hiki: "Basi la Lamu huishia Mokowe". Ndani niliandika hivi:

"Nimesoma maelezo yako ya safari ya Lamu, na sehemu ya kufunga mizigo nimeipenda kwa sababu umewaonya watu wasije na masanduku ya magurudumu. Ila basi huishia Mokowe, bara, na abiria huvuka kwa boti. Anayekuja kwa ndege naye hutua kisiwa cha Manda, akavuka vilevile. Mimi ni mwenyeji wa hapa na nimeeleza vivuko vyote viwili katika ukurasa huu. Ukiona utawafaa wasomaji wako, unaweza kuuunganisha. Usipoona hivyo, sahihisho ni lako bure."

Alijibu siku ya pili, akasahihisha na kuweka kiungo. Kati ya barua ishirini nilipata viungo sita. Asiyejibu nilimkumbusha mara moja baada ya wiki, kisha nikamwacha. Hakuna niliyemwomba aunganishe ukurasa wa bei za vyumba, kwa maana huo unanifaa mimi peke yangu. Wa vivuko unamfaa hata anayelala kwa jirani.

Kwa haki niseme kwamba orodha ya tovuti niliyokabidhiwa na huduma ile ilikuwa safi, na ilionyesha viungo vilivyokufa, visivyofunguka tena, katika kila ukurasa, kazi ambayo ingenichukua majuma. Barua mbili kati ya sita zilizofaulu zilianza kwa kumjulisha mwenye tovuti kwamba kiungo chake kimevunjika. Ninawapa nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za orodha hiyo.