Tamthilia za zamani zimenikwamia saluni, halafu naambiwa "nyie wa mikoani"

Programu yenyewe siitaji jina. Anayeitumia kuangalia tamthilia za zamani ataijua tu kwa kale kaduara.

Nina saluni Kirumba, Mwanza. Kusuka rasta ni kukaa saa nyingi, na mteja asipokuwa na cha kuangalia anaanza kuangalia saa. Nikalipia kifurushi cha mwezi, nikaunganisha kwenye TV. Tamthilia mpya, ile inayozungumzwa na kila mtu, ilicheza vizuri mno, nikawa nawapigia debe bila kulipwa. Kumbe sijaomba ya zamani.

Sehemu ya kwanza tu, mama mkwe ndo kashika kitasa, yule mume yuko ndani na mwanamke mwingine, picha ikaanza kuwa na ukungu, sura hazitambuliki. Halafu kaduara. Kanazunguka. Kanazunguka. Mteja kichwa nusu kimesukwa nusu bado, saluni nzima tumekodoa macho. Mama mmoja akaniambia, "Mama Neema, tuwekee tu kwaya."

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada akapokea: "Mpendwa, zima uwashe." Nimezima, nimewasha. "Futa programu, uipakue upya." Nimefuta, bando limeliwa, kaduara kapo palepale. Nikamwambia kwa bando hilohilo, muda huohuo, ile mpya inacheza bila shida. Akashusha pumzi, nikaisikia kabisa kwenye simu, akasema, "Nyie wa mikoani mtandao wenu ndivyo ulivyo." Nyie wa mikoani! Mbona hela ya mikoani haijawahi kukwama ikienda kwao?

Aliyenifungua macho ni kijana anayefunga faiba mtaani kwetu, alikuja kumsubiri mkewe akisukwa. Kumbe filamu haiji nzima. Imekatwa vipande vya sekunde chache chache, na kila kipande kimeandaliwa kwa ubora tofauti. TV inaomba kimoja kimoja, na kasi ikishuka inachukua cha ubora wa chini, ndiyo ule ukungu kabla ya kaduara. Kipande kinatafutwa kwanza kwenye seva ya karibu, yaani kompyuta inayotunza nakala za filamu. Kama kuna mtu alishakiomba, mara nyingi kipo pale, unapewa hapohapo. Kama hakuna, seva hiyo inakifuata kwenye chimbuko, kompyuta kuu ya kampuni yenyewe. Akapima kwa kompyuta yake: chimbuko lao liko Ulaya. Kwa hiyo kipande kinapita nyaya za baharini hadi Dar, halafu zaidi ya kilomita 1,000 mpaka kwetu. Tamthilia mpya imeshaombwa na watu kibao, ipo karibu. Yangu hakuna aliyeigusa.

Na kweli, usiku ule mdogo wangu wa Nyegezi, hapahapa Mwanza, aliangalia sehemu ileile na haikukwama hata kidogo. Yaani mimi nimepuliza moto na moshi ukaniingia machoni, wengine wakaja kuota.

Netflix tangu 2012 wana mpango wa kupeleka masanduku yao yenye filamu mpaka ndani ya kampuni za intaneti, bure, na wanayajaza saa ambazo watumiaji ni wachache. Filamu inakuwa imeshafika kabla hujaiomba. Hawa wetu wanashindwa nini? Haya, tuwe wakweli, ni kampuni ndogo, masanduku ya hivyo yanataka watazamaji wengi. Lakini hata kabla mtu hajaomba wangeweza kuzisogeza zile za zamani kwenye seva ya karibu, wanajua fika wamezitangaza. Mpira wa moja kwa moja ukikwama nitaelewa, huwezi kuweka akiba ya goli ambalo halijafungwa. Hata Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika sikulalamika, tuliumia wote. Tamthilia iliyomalizika kurekodiwa miaka mingi ina haraka gani?

Kusema ukweli tamthilia wanazo. Zile za zamani sijaziona kwingine, na bei si mbaya. Nilitaka kuwapa nyota tatu. Nimefika hapa nimeikumbuka ile pumzi, nimeshusha hadi moja.

Kama kuna mtu wa kampuni anasoma hapa, siku za bure sizitaki. Nataka yule dada anipigie Jumamosi saluni ikiwa imejaa, nitaweka spika.